Kila awamu tunabadili vibao vya wizara. Muundo wa Serikali wenyewe tutaugusa lini?

Mtunza Faili (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni mrefu, atakayechoka aweke alama arudi jioni.

Nimefanya kazi serikalini miaka 27, yote masjala. Nilianzia halmashauri, nikahamishiwa wizarani, nikamalizia tena halmashauri hadi nilipostaafu. Sikuwahi kuwa mkubwa. Lakini mtu wa masjala anaiona Serikali kwa upande ambao wakubwa hawauoni, maana kila linaloamuliwa linapita mikononi mwake likiwa karatasi, na yeye ndiye anayejua barua imelala wapi na kwa siku ngapi.

Nina jambo moja tu. Kila tunaposema tunarekebisha muundo wa Serikali, tunaanzia juu, kwenye idadi na majina ya wizara. Huku chini, kijijini, kwenye kata na halmashauri, ambako mwananchi ndiko anakokutana na Serikali, swali la nani anawajibika kwa nani tunalirithishana tu tangu 1972.

Chukueni ng'ombe. Kuanzia 2000 mifugo ilikuwa pamoja na maji: Wizara ya Maji na Maendeleo ya Mifugo, waziri wake marehemu Lowassa. 2006 mifugo ikapewa wizara yake peke yake. 2008, baada ya Lowassa kujiuzulu uwaziri mkuu na Baraza kuvunjwa, ikaunganishwa na uvuvi, na waziri akawa John Magufuli. Desemba 2015 huyohuyo Magufuli, sasa Rais, akaiunganisha na kilimo: Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Oktoba 2017 akaitenganisha tena, tukarudi kwenye Mifugo na Uvuvi. Hesabuni wenyewe mara ngapi ng'ombe kahama ndani ya miaka 17.

Muda wote huo bwana mifugo wa kata yangu alikuwa yuleyule, pikipiki ileile, sanduku lilelile la chanjo. Mwajiri wake halmashauri. Mafuta ya pikipiki aliyaomba kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akamjibu fedha za matumizi mengineyo hazijaingia. Mabadiliko yote matano yalimfikia kwa njia moja tu: kichwa cha fomu ya taarifa ya mwezi kilibadilika jina.

Barabara nazo hivyohivyo. 2006 tulikuwa na Wizara ya Miundombinu. 2010 ikawa Ujenzi upande huu na Uchukuzi upande ule. 2015 zikaunganishwa na Mawasiliano. 2020 Mawasiliano ikatolewa. Agosti 2023 Ujenzi na Uchukuzi zikaachana tena. Sisemi kila badiliko lilikuwa baya. Nishati na Madini kutenganishwa 2017 kulikuwa na maana, mambo ya makinikia, ule mchanga wenye madini, yalikuwa yamepamba moto na madini yalihitaji mtu wake. Ninachouliza ni kama kuna mahali popote tuliandika: tuliunganisha kwa sababu hii, tumetenganisha kwa sababu hii, na tumejifunza hiki.

Sasa niwaeleze wizara inapogawanywa kunatokea nini chini ya meza, maana hili watu wengi hawalijui. Mimi nilikuwepo. Wizara siitaji. Tangazo lilisomwa Ikulu, sisi tukalisikia redioni kama ninyi. Kesho yake asubuhi katibu muhtasi wa kurugenzi mmoja akaja masjala kuuliza, "Barua za leo niandike kichwa gani?" Hakuna aliyejua. Karatasi zenye kichwa cha zamani zilikuwa zimejaa stoo. Mhuri mpya ulikuja baada ya wiki kadhaa. Hayo ni madogo.

Kubwa ni mafaili. Kila faili lina namba yake ya kumbukumbu, na kila karatasi ndani yake ina namba ya folio, tunaiandika kwa kalamu nyekundu kona ya juu kulia. Faili la mtumishi ni rahisi, linamfuata mwenyewe. Lakini faili la mambo, lenye sera ya miaka kumi na tano, volyumu tatu, humo ndani folio ya 12 inahusu upande huu, ya 13 upande ule, ya 14 pande zote mbili, unaligawaje? Tulipewa siku chache. Tukatoa nakala usiku na mchana hadi mashine ikaungua. Mashauri yaliyokuwa katikati ya dokezo, yaani mkurugenzi ameandika anasubiri idhini ya katibu mkuu, yakakosa mwenyewe, kwa kuwa katibu mkuu wa juzi hakuwa tena bosi wa mkurugenzi huyo. Kulikuwa na mjane anafuatilia stahili za mume wake. Faili lake lilivuka barabara mara tatu. Nalikumbuka kwa sababu mama yule alikuwa anakuja na chupa ya chai, anakaa kwenye benchi la nje kuanzia saa mbili asubuhi.

Haya. Turudi nyuma, 1972.

Mwaka huo Serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Washauri walikuwa kampuni ya McKinsey kutoka Marekani. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani, na kweli watumishi na fedha vilikwenda, lakini halmashauri za kuchaguliwa zikafutwa, kwanza za wilaya, halafu za miji. Waliochukua nafasi walikuwa watumishi walioteuliwa kutoka juu. Mji usiokuwa na halmashauri unakosa wa kuzoa taka, na mitaro ikiziba hujui umfuate nani. Ilipofika 1978 Serikali yenyewe ikarudisha halmashauri za miji. 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, na 1984 halmashauri zikarudi nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa anakaribia kung'atuka, alikiri hadharani kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Kiongozi wa kimo chake kukiri vile si jambo dogo, na namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa hotuba nyingi.

Ndiyo maana Katiba yetu leo ina Ibara ya 145 na 146, zinazosema ziwepo serikali za mitaa na kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kupeleka. Si kuazima.

Halafu ikaja 1997, sheria ya tawala za mikoa. Mkoa uliokuwa na jeshi la watumishi ukapunguzwa ukawa sekretarieti ya kushauri, na kazi zikashushwa halmashauri. 1998 ikatoka sera ya maboresho ya serikali za mitaa, ugatuaji wa madaraka. Miaka ile, wazee wenzangu mnakumbuka, tulikuwa na moyo. Semina zilikuwa nyingi, lakini nyuma ya semina kulikuwa na wazo linaloeleweka: mganga, mwalimu, mhandisi wa maji na bwana shamba wote wawe watumishi wa halmashauri, diwani aweze kuwauliza maswali, na wizara ibaki na sera na ukaguzi.

Tazameni sasa kilichofuata. 2016 kodi ya majengo ikatolewa halmashauri ikapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 tunakatwa tunaponunua umeme wa LUKU. 2017 barabara za wilaya na wahandisi wake zikaenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. 2019 maji vijijini na wahandisi wake yakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kila moja lina hoja yake, sikatai. Lakini hakuna mtu aliyesimama bungeni akasema "tunaiacha sera ya 1998". Tumeiacha kipande kwa kipande, bila kuaga. Diwani bado anaapishwa, bado anaitwa mheshimiwa, na wananchi bado wanamuuliza yeye habari ya maji na barabara, vitu ambavyo havimo tena mikononi mwa halmashauri yake.

Na TAMISEMI yenyewe, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa? Wakati wa Mkapa, kipindi cha pili, ilikuwa Ofisi ya Rais. Kikwete akaipeleka Ofisi ya Waziri Mkuu. 2015 ikarudi Ofisi ya Rais. Halmashauri 184 zinaning'inia kwenye mti unaohamishwa shamba kila awamu.

Kisheria haya yote yanawezekana kirahisi. Ibara ya 36 inampa Rais madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka katika utumishi wa Serikali. Mgawanyo wa kazi za wizara unatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, basi. Bunge linakuja kukutana na wizara mpya kwenye bajeti, imeshapewa fungu. Mimi sisemi Rais asiwe na uwezo wa kupanga timu yake. Timu apange. Lakini kupanga wachezaji ni kitu kimoja na kuhamisha magoli ni kingine.

Ningependa tuwe na sheria moja ya muundo wa Serikali. Iseme kazi zipi ni za wizara, zipi za mkoa, zipi za halmashauri, zipi za kijiji, kwa majina, na asiwepo wa kuihamisha kazi kutoka halmashauri bila Bunge kupiga kura. Iseme mtaalamu aliye wilayani ana bosi mmoja. Na anayetaka kuunganisha au kugawa wizara alete kwanza hesabu ya gharama mezani, kuanzia majengo, magari na mihuri mpaka hayo mafaili niliyoyagawa usiku.

Naomba kuwasilisha. Nitajibu kila atakayeuliza kwa heshima.

---

Mchumi wa Ubungo

Mzee, shikamoo. Umeandika vizuri, lakini umezunguka mbali. Tatizo la nchi hii ni ukubwa wa Baraza. 2006 tulikuwa na mawaziri na manaibu 60. 2008 wakapungua wakafika 47. 2015 Magufuli akaja na wizara 18. Hiyo ndiyo reforma. Warioba na Tume yake ya Mabadiliko ya Katiba walishaandika kwenye rasimu kwamba mawaziri wa Muungano wasizidi 15. Tungeweka ukomo kwenye Katiba tungemaliza mjadala.

---

Mtunza Faili

Marahaba mwanangu. Ukomo naunga mkono, na rasimu ya Warioba ilifanya kazi kubwa ambayo haistahili kufia kabatini. Lakini usihesabu vibao. Desemba 2015 Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ilikuwa na waziri mmoja na makatibu wakuu watatu: mmoja kilimo, mmoja mifugo, mmoja uvuvi. Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano ilikuwa hivyohivyo, makatibu wakuu watatu. Wewe ni mchumi, unajua katibu mkuu ndiye afisa masuuli, ndiye anayesaini na ndiye anayejibu hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali. Sasa nyumba yenye maafisa masuuli watatu ni wizara moja kwa maana gani? Lango moja, ndani nyumba tatu, kila moja ina mhasibu, ina ugavi, ina utumishi, ina dereva.

Kilichopungua ni mishahara na magari ya mawaziri na manaibu. Si haba, ni fedha za walipa kodi. Ila muundo haukubadilika, ndiyo maana ilikuwa rahisi sana kuutenganisha tena ndani ya miaka miwili.

---

Mhandisi Mstaafu

Mzee wa masjala nakuheshimu, tumefanya kazi zama moja. Lakini kwenye barabara lazima tubishane.

Nilikuwa mhandisi wa halmashauri kabla ya 2017, siitaji ni ipi. Fedha za Mfuko wa Barabara zikifika, kikao cha madiwani kinakaa. Kila diwani anataka kilomita yake ichongwe. Kata zipo ishirini na kitu. Mimi kwenye mpango nimeandika barabara moja, kilomita 14, inaunganisha mnada na barabara kuu, tuijenge iishe, iwe na mitaro na makalavati. Inakatwa vipande ishirini. Kila kata inapata greda la siku mbili. Mvua ya Aprili inazoa vyote, na mwaka unaofuata tunaanza upya. Hilo nimelifanya miaka tisa. Kila mwaka niliandika barua ya kitaalamu kupinga, na kila mwaka ilipokelewa ikagongwa mhuri.

TARURA ilipokuja niliona kwa macho yangu mipango ikipangwa kwa hesabu ya magari na ya mvua, badala ya hesabu ya viti vya baraza. Huwezi kuniambia nirudi kule. Ukaribu wa Serikali na mwananchi usiwe kisingizio cha kuua utaalamu.

---

Mtunza Faili

Mhandisi, nimekusoma mara mbili. Barua zako mimi ndiye niliyekuwa nazipokea, si zako hasa, lakini za wenzako. Unasema kweli na siwezi kuipinga.

Ila soma tena ulichoandika. Kilichokosekana ni kanuni inayokataza kugawa barabara kama pilau ya msiba. Kanuni hiyo ingeweza kuwekwa: mpango wa barabara upitishwe kwa vigezo vya kitaalamu, na diwani aruhusiwe kuuliza lakini asiruhusiwe kukata. Tulikuwa na tatizo la kanuni, tukalitibu kwa kuhamisha ofisi. Leo wakala ukikosea, na wakala wowote unaweza kukosea, kata yangu inamuuliza nani? Meneja wa wilaya anakuja kwenye baraza la madiwani kwa hisani yake, akijibu vibaya hakuna wanachoweza kumfanya. Bosi wake ni mtendaji mkuu, Dodoma.

Mimi ningebakisha wakala, wala sitaki greda lirudi kwa mtendaji wa kata. Lakini wakala na halmashauri wawe na mkataba ulioandikwa, wenye kilomita na tarehe, na sehemu ya malipo ya wakala itoke baada ya baraza kuthibitisha kazi. Hapo utaalamu unabaki kwako na swali linabaki kwa mwananchi.

---

Mwalimu wa Zamu

Hapa ndipo penyewe. Wacha niwaambie mabosi wangu.

Shule yangu iko chini ya halmashauri, kwa hiyo mkurugenzi ni mwajiri wangu na TAMISEMI iko juu yake. Mtaala unatoka Taasisi ya Elimu, iliyo chini ya Wizara ya Elimu. Mtihani unatoka Baraza la Mitihani, Wizara ya Elimu vilevile. Mdhibiti ubora anayekuja kunikagua darasani ni wa Wizara ya Elimu, hana uwezo juu ya mkurugenzi wangu. Nidhamu na kupanda daraja ni Tume ya Utumishi wa Walimu. Kibali cha mshahara ni Utumishi, na pesa ni Hazina.

Mdhibiti ubora alikuja, akaandika ripoti nzuri kabisa kwamba darasa la kwanza lina watoto 140 na chumba kimoja. Ukweli mtupu. Ripoti ikaenda kwa wakubwa wake. Wakubwa wake hawajengi madarasa. Anayejenga madarasa hakuiomba ripoti ile. Mwaka uliofuata akaja tena, akaandika tena. Namuonea huruma, ni mtu anayeipenda kazi yake.

---

Nesi Zahanati

Mwalimu, umenigusa. Afya tuko vilevile. Mganga mkuu wa wilaya anaripoti kwa mkurugenzi, miongozo inatoka Wizara ya Afya, barua ya likizo naandika kupitia kwa mganga mfawidhi, kupitia kwa mganga mkuu, kwenda kwa mkurugenzi. Mtoto mmoja nikimchanja namuandika kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, halafu nikaombwa nimuandike tena kwenye fomu ya ofisi nyingine ambayo haisomi MTUHA. Zamu tupo wawili.

Lakini naomba niseme na zuri, maana mnaweza kudhani hakuna linalowezekana. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zilianza kuja moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Zamani tukiishiwa glavu tunaandika barua wilayani, barua inasubiri mhasibu, mhasibu anasubiri kikao. Siku hizi kamati ya zahanati inakaa chini ya mwembe, mwenyekiti ni mkulima wa korosho, tunafungua daftari, tunapanga: glavu hizi, dawa ya kusafishia sakafu, mlinzi alipwe. Mara ya kwanza mwenyekiti aliposaini, mkono ulikuwa unatetemeka. Akauliza, "Hizi pesa ni zetu kweli?" Sikuwa na jibu la haraka.

Hayo mabadiliko hayakutangazwa Ikulu wala hayakuapishwa mtu. Ila kwangu yamebadilisha kazi kuliko wizara yetu kugawanywa 2022, Afya huku na Maendeleo ya Jamii kule.

---

Mtunza Faili

Dada Nesi, Mungu akubariki. Uzi wangu wote ungeweza kuwa aya yako hiyo ya mwembe.

Wakuu, muone alichosema. Hakuna ofisi iliyofutwa, hakuna kibao kilichochorwa. Kilichohamishwa ni nani anasaini. Na ukimpa mtu saini, ukampa daftari na mkaguzi, umebadili muundo wa Serikali kweli. Shule nazo tangu elimu bila ada ya 2016 zinapokea fedha zao za uendeshaji kwenye akaunti zao. Kwa hiyo tunajua namna ya kufanya. Tuliishafanya mara mbili, ikakubali.

---

Mpwani wa Kilifi

Habari za huko, majirani. Nawafuatilia kutoka Kenya na naomba niweke neno.

Sisi mambo mnayoyataka tuliyaandika kwenye Katiba ya 2010. Ibara ya 152 inasema mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22, na wasiwe wabunge. Tulitoka kwenye serikali ya mseto ya 2008 yenye mawaziri karibu 40, tukaja 2013 tukaanza na wizara 18. Na Jedwali la Nne limeorodhesha kazi: hizi za serikali ya kitaifa, hizi za kaunti. Kaunti 47, na Katiba inazihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato.

Nasema haya si kwa kujigamba. Orodha ile imetusaidia sana, maana gavana akinyang'anywa kazi anakwenda mahakamani na ana pa kushika. Lakini orodha peke yake haitoshi. Afya iligatuliwa, na madaktari walipogoma Desemba 2016 mgomo ulichukua siku 100. Kila upande ulikuwa unatupa jicho kwa mwenzake: serikali ya kitaifa ilikuwa imeketi kwenye makubaliano, kaunti ndizo mwajiri. Mama wa mtu alifia hospitali ya kaunti wakati pande mbili zinabishana nani alipe. Yule mama alikuwa jirani yetu. Kwa hiyo mkiandika sheria yenu, andikeni pia: pande mbili zikitofautiana, mgonjwa anahudumiwa na nani wakati kesi inaendelea.

---

Mtunza Faili

Ndugu wa Kilifi, poleni sana kwa jirani. Ahsante kwa kutuletea na makovu yake. Wengi wanaposifia Kenya wanasifia karatasi, na wanaoibeza wanabeza magavana. Wewe umetupa yote mawili.

Hoja yako naichukua kama ilivyo: sheria iwe na kifungu cha nani anahudumia wakati wakubwa wanabishana. Nisingeifikiria mwenyewe.

---

Mchumi wa Ubungo

Mzee, nakubali kiasi. Lakini hata juu pana kazi. Desemba 2023 Serikali ilitangaza kuunganisha taasisi 16 na kufuta 4. TIC, kituo cha uwekezaji, na EPZA, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, zimeshakuwa kitu kimoja kwa sheria ya 2025. Hilo nalo ulione, lilipita bungeni, halikuwa tangazo tu.

---

Mtunza Faili

Naliona, na ndivyo inavyotakiwa. Mwekezaji aliyekuwa anazunguka ofisi mbili sasa anaingia moja, na kuna sheria inayosema nani anafanya nini. Sasa mkulima wa korosho wa Nesi naye afanyiwe hivyohivyo. Yeye hana wakili wa kumzungushia barua.

---

Binti wa Mtendaji

Shikamoo baba. Mimi ni mtendaji wa kijiji, mwaka wa pili kazini. Nimesoma tangu asubuhi. Naomba mfano mmoja wa barua iliyozunguka, ili nijue naepukaje. Juzi nimeandika kuhusu kisima na sijajibiwa.

---

Mtunza Faili

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Nitakupa wa kwetu nyumbani, nilipokwisha kustaafu.

Kalavati kwenye kijito kati ya kijiji na shule lilizolewa na mvua. Watoto wakawa wanavuka kwa kushikana mikono, wakubwa wanatangulia kupima maji kwa fimbo. Mtendaji akaandika barua, nikamsaidia kuipanga. Ofisi ya kwanza ikaipokea, ikagonga mhuri, ikasema barabara si yake, ikaielekeza ya pili. Ya pili ikasema njia ile haimo kwenye orodha ya barabara zake, ni njia ya kijiji. Ikaielekeza ya tatu. Ya tatu ikasema fedha za dharura zinaombwa kupitia ya kwanza. Ya nne ilikuwa mkoani, ikaandika pembeni kwa wino wa bluu, "Mshauri ipasavyo", ikairudisha ilikotoka. Miezi saba. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Kila ofisi ilikuwa sahihi kwa muundo ulivyo.

Mwishowe wazazi walipanga mawe na magogo, tukachanga saruji mifuko sita. Linapitika kiangazi.

Kwa kisima chako fanya hivi. Andika barua moja, lakini nakala kwa ofisi zote unazodhani zinahusika, na ziorodheshe chini ya saini ili kila mmoja aone mwenzake ameipata. Taja namba ya kisima kama ipo, tarehe kilipoharibika na kaya ngapi zinachota. Chukua mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, usikubali kuambiwa "tutakupigia". Halafu ipeleke nakala hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, isomwe, iingie kwenye muhtasari. Muhtasari wa mkutano wa kijiji ni waraka halali, na faili lake liko kwako, hakuna wa kulihamisha.

Barua ya kalavati ninayo, ina mihuri minne. Ijumaa nikishuka kijijini nitaipiga picha, nifute majina ya watu, niiweke hapa chini uione ilivyopita.